Mfupa uliokataa kuunga: safari yangu kutoka bodaboda hadi kupandikizwa mfupa wa nyonga

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro mjini. Nalitaja hilo mapema kwa sababu cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu ninaokanyagia ndio uliovunjika.

Ilikuwa Jumamosi jioni, Novemba 2020. Nimepanda bodaboda natoka sokoni, jora la kitenge limelala mapajani. Gari dogo likachomoka barabara ya pembeni, likatugonga, likaenda zake. Maumivu hayakuja mara moja. Nilichokiona kwanza ni mfupa wangu mwenyewe, mweupe, umechungulia nje ya ngozi chini kidogo ya katikati ya muundi, na kile kitenge kikinyonya damu. Nikaanza kukililia kitenge. Kilikuwa cha mteja, sare ya harusi.

Kabla sijafika mbali, niseme la PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Wifi yangu aliihangaikia fomu ile kituo cha polisi usiku uleule, akaniletea, nami nikaipoteza ndani ya mwezi. Baadaye sana mtu akanieleza kwamba abiria aliyeumia anaweza kudai fidia kwenye bima ya chombo cha moto. Wakati huo sina PF3, sina namba ya pikipiki, sina risiti hata moja. Nilichokuwa nacho ni kovu. Kwa hiyo piga picha kila karatasi unayopewa, siku hiyohiyo, na umtumie mtu mwingine wa kuitunza, maana simu nayo huibiwa.

Hospitali ya kwanza walinisafisha kidonda usiku huohuo, wakanifunga vyuma vya nje, vile ambavyo wodini tuliviita antena. Baada ya wiki nane wakavitoa, wakanifunga hogo, ile plasta ngumu. Sina ugomvi na kazi yao. Ugomvi ninao na nafsi yangu. Niliambiwa nirudi kliniki baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi. Nilirudi mara mbili tu. Kila safari ilikuwa bajaji ya kukodi kwenda na kurudi, pesa ya eksirei, foleni ya tangu alfajiri, na siku nzima ya kushona imepotea. Nikajiambia: mguu hauniumi sana, basi unapona. Sikujua kwamba mfupa ambao haujaunga unaweza kukaa kimya kabisa ndani ya hogo, kama mtoto anayefanya utundu chumbani.

Kuna jambo nilielezwa nikiwa nimeshachelewa. Pitisha kidole mbele ya muundi wako, sasa hivi. Ni ngozi, halafu mfupa. Nyama hakuna. Sehemu ya chini ya mfupa ule inapata damu kidogo kuliko mifupa mingi mikubwa, na mfupa ukishatoka nje ya ngozi vijidudu vimekwisha kuingia hata kama hujaviona. Mtu aliyevunjika paja na mtu aliyevunjika muundi ukatoka nje hawako safari moja. Mimi nilikuwa najilinganisha na binamu yangu aliyevunjika mkono, akapona kwa wiki sita.

Februari 2021 mama alikuja kutoka Kilosa na mzee mmoja, fundi wa mifupa. "Mwanangu, hospitali wanakuzungusha," alisema. Sikumbishia, kwa sababu nilitaka kuamini. Mzee akalikata hogo kwa kisu, akanifunga vijiti vya mianzi, akawa anakuja kunichua asubuhi na jioni kwa mafuta ya nyonyo. Pale mfupa ulipotokea palikuwa na kidonda kidogo cha kiasi cha punje ya hindi, hakijafunga. Akakijaza majani yaliyotwangwa.

Simkebehi mzee yule. Mtoto wa jirani alivunjika mkono bila mfupa kutoka nje, akamfunga, na mkono umenyooka hadi leo. Ila mfupa uliokwisha kuona hewa una mambo yake. Na kuchua mahali pa mvunjiko ni kuzigombanisha pande mbili ambazo ndiyo kwanza zinatafuta kushikana. Shilingi 150,000 na jogoo mmoja. Mama aliitoa ile pesa kwenye mauzo ya mahindi yake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mpaka leo tukizungumzia mguu huwa anageuza uso.

Kisha ikaja Ramadhani. Kila fundi anajua maana ya Ramadhani: kanzu, magauni, nguo za watoto, kila mtu anataka yake kabla ya Idi. Daftari langu lilikuwa na oda arobaini na mbili. Mguu wa kushoto ulikuwa hauna akili ya kukanyaga, unachelewa, uzi unakatika. Nikarudisha wa kulia, ule uliovunjika. Usiku nameza diklofenaki mbili, asubuhi nakanyaga. Usiku mmoja kwenye kumi la mwisho nilisikia kitu kimecheza ndani ya mguu, kama kitasa kilicholegea. Nikazima taa ya cherehani, nikaushika muundi kwa mikono miwili, nikausukuma polepole. Ukapinda. Ukapinda mahali ambapo Mungu hakuweka kiungo.

Nilimaliza oda. Nalisema kwa aibu, lakini nilizimaliza zote.

Agosti usaha ukaanza kutoka. Usaha una harufu, na harufu haifichiki kwa manukato. Nilianza kukaa mbali na wateja ninapowapima, nawaambia wajizungushe wenyewe futi ya kitambaa. Baba watoto hakunitamkia neno baya hata siku moja. Alianza tu kuchelewa kurudi. Nikawa nanunua dawa za vijidudu duka la dawa, leo rangi hii, kesho rangi ile. Zikituliza wiki moja, zinaniacha wiki mbili.

Hapo ndipo zikaingia zile pakiti. Mtu ninayemheshimu, tuko naye kikoba kimoja, alikuja na boksi la unga wa kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Alisema ni seli shina, zile seli changa zinazozaa seli nyingine, zinakwenda zenyewe mahali palipoharibika na kupajenga upya. Alikuwa na picha za kabla na baada. Boksi moja 180,000. Nilinunua mawili. Miezi miwili kila asubuhi nakoroga unga wenye ladha ya zabibu, na kila jioni nafungua kidonda kuangalia kama kuna kilichojengwa.

Wifi ndiye aliyekata shauri. Oktoba alinifungia begi, akaniambia, "Dada, kesho tunakwenda Dar, ukitaka kulia utalilia ndani ya basi." Nililia kuanzia Mikese.

Daktari wa mifupa aliyenipokea alikuwa mtu wa maneno machache. Aliushika mguu, akaupinda kidogo tu, akaurudisha. Akaitazama eksirei kwa muda. Pale nilipotarajia kuona mstari wa ufa, niliona pengo, na ncha mbili za mfupa zimeviringana, kila moja imejifunga kivyake, kama ndugu waliosusiana. Akaniuliza nimetumia dawa gani. Nikazitaja zote, pamoja na zile pakiti. Sikutaka kuzitaja, wifi alinifinya.

Hakucheka. Alinieleza hivi: seli hai haikai ndani ya pakiti kavu miezi kadhaa, na hata ingekaa, tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage. Seli shina za mfupa zipo kweli, akasema, tena unazo. Ziko ndani ya nyonga yako. Tutakwenda kuzichukua huko. Kuhusu diklofenaki alisema dawa za kundi lile zikitumiwa muda mrefu zinashukiwa kuuchelewesha mfupa, nizipumzishe, nikiumwa nimeze panadol. Na zile dawa za vijidudu za dukani akaniachisha zote wiki mbili kabla ya upasuaji, ili kipande watakachokipeleka maabara kioteshe vijidudu wenyewe wajitambulishe. Ukifika kwa daktari huku umemeza dawa ya kubahatisha, maabara haioteshi kitu, na anayekutibu anabaki kupapasa gizani.

Mpango ulikuwa upasuaji mara mbili. Nilishtuka. Nilidhani wanaondoa kibovu na kuweka kizima siku hiyohiyo. Daktari akasema shamba lenye magugu halipandwi. Kwanza wangekata mfupa wote uliokufa, kisha kujaza pengo kwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa ya vijidudu. Mwili ukiiona ile saruji unaichukulia kama mgeni, unaifunika kwa utando mwembamba wenye damu nyingi. Baada ya wiki sita hadi nane wanafungua, wanaitoa saruji, wanaubakiza utando, na ndani ya mfuko huo ndimo wanamomimina mfupa mpya. Njia hiyo aliibuni daktari Mfaransa anayeitwa Masquelet, miaka ya 1980. Sikuelewa hata nusu siku ile. Nakuandikia wewe uelewe kabla, maana watu wengi huona saruji kwenye eksirei wakadhani matibabu yamekwisha, wakapotelea nyumbani.

Nilimuuliza maswali mawili ambayo nashukuru niliyauliza. La kwanza, mfupa wa kupandikiza utatoka wapi. Kumbe kuna wa kwako mwenyewe, kuna wa marehemu aliyejitolea ambao husafishwa na kuhifadhiwa, na kuna wa kutengenezwa kiwandani. Wa kwako ndio wenye seli hai ndani yake, na mwili hauukatai, ila unaulipia kwa jeraha la pili. La pili, niliuliza nitakanyaga lini. Akasema, usiniulize wiki, niulize miezi.

Upasuaji wa kwanza ulikuwa Januari 2022. Waliondoa sentimita nne. Kabla yake tuliambiwa tulete ndugu wa kutoa damu chupa mbili. Hili lianze mapema. Sisi tulianza siku mbili kabla, na wale ndugu waliokuwa wanapiga simu za pole kila jioni, simu zikawa hazipatikani. Aliyetoa ni baba watoto, na mpangaji mwenzetu ambaye hata jina lake kamili sikulijua. Wiki sita za dawa zilizofuata sina la kuzisimulia. Nilikaa Tandika kwa shangazi, nikahesabu bati za jirani.

Machi ndipo nyonga.

Walinichoma sindano ya mgongo, kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini sikusikia kitu, lakini nilikuwa macho. Pazia la kijani mbele ya uso. Halafu nikasikia nyundo. Nyundo kabisa, ya chuma kwa chuma, ko, ko, ko, na mwili wangu unatikisika juu ya meza kila inapogonga. Mtaalamu wa usingizi alikuwa kichwani pangu, akaniinamia: "Mama, sauti utaisikia, maumivu hutayasikia. Ukichoka niambie nikulaze." Nilimwambia nataka kusikia. Nilihesabu hadi thelathini na kitu nikapoteza hesabu. Kisha ikafuata sauti ya kukwangua, na hiyo sikuhitaji kuelezwa, nimekuna nazi tangu nina miaka saba.

Nilimwambia yule mtaalamu, "Wananikuna." Akacheka, akawaambia wenzake. Kabla hawajaumimina mguuni, daktari aliinua kibakuli cha chuma juu ya pazia nikione. Ilikuwa chicha. Chicha la nazi lililolowa damu, vipande vidogovidogo, kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtoto. Nililitazama nikawaza kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye pakiti za 180,000, na muda wote nilikuwa nimekikalia.

Wakauweka mfupa huo mfukoni mwa ule utando, wakafunga sahani ya chuma na skrubu, wakanishona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyenionya vya kutosha. Nilijiandaa kwa mguu. Kilichonikomesha ni nyonga. Mguu ulikuwa unauma kistaarabu. Nyonga inauma ukikohoa, ukicheka, ukigeuka, ukipiga chafya, ukijaribu kukaa kwenye beseni la kujisaidia. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa naubana mto mdogo ubavuni kila nikihisi kikohozi kinakuja. Na ubavu wa paja, upande wa nje, ulikufa ganzi. Kuna mshipa wa fahamu unapita jirani na pale wanapochokonoa. Umerudi kiasi, haujarudi wote. Nikijikuna pale nahisi kama namkuna mtu mwingine.

Wodini tulikuwa sita, na nilichojifunza kwa wenzangu kinazidi vipeperushi vyote. Kulikuwa na kijana wa Mbagala, dereva wa bodaboda, aliyepandikizwa mwaka mmoja kabla yangu. Mfupa wake uliyeyuka. Kwenye picha ya mwezi wa pili ulikuwepo, kwenye ya mwezi wa tano haupo. Alikuwa anavuta sigara chooni, akitoka ananukia mnanaa. Daktari alimwambia wazi kwamba sigara inabana mishipa midogo ya damu, na mfupa uliopandikizwa hauna damu yake, unasubiri mishipa mipya iufikie. Ukiibana, umeunyima chakula. Mara ya pili aliacha. Namwamini, kwa sababu alinenepa.

Kitanda cha jirani alilala mama mmoja aliyeazimwa kwetu kwa siku chache kwa kukosa nafasi kwao. Alikuwa na uvimbe wa taya. Walikata kipande cha taya, wakamjengea kingine kwa mfupa mwembamba wa mguuni, ule unaolala ubavuni mwa muundi. Hawezi kuongea, anaandika kwenye daftari la mwanawe. Siku ya kwanza aliponiona nautazama mguu wake na uso wake kwa zamu, aliandika, akanigeuzia: "Nitatafuna kwa mguu." Nilicheka, na nyonga ikaniadhibu hadi saa nne usiku.

Nyumbani vita vyangu vilikuwa choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mtu mwenye sahani muundini na nyonga iliyokunwa hachuchumai. Siku mbili nilikataa kula ili nisiende. Wifi akanunua kiti cha plastiki, akampelekea fundi seremala aliyekitoboa katikati kwa msumeno mwembamba na kulainisha kingo kwa msasa. Kiti chote na ufundi havikufika 30,000, na sijui kitu kingine nilichonunuliwa katika miaka ile miwili kilichonirudishia utu wangu kama kile. Kitengeneze kabla hujalazwa. Weka kamba au nondo ya kushika ukutani. Hamishia ndoo ya maji mkono wa kushoto kama magongo yako unayaegemeza kulia. Vitu vya kijinga hivi ndivyo vinavyoangusha watu, na ukianguka mwezi wa kwanza umerudi mwanzo.

Magongo pia yana elimu yake. Nilikuwa naning'iniza makwapa juu yake, mikono ikafa ganzi, hadi mtu wa mazoezi ya viungo aliponiambia uzito unabebwa na viganja, kwapa linagusa tu. Wiki sita za mwanzo niligusisha vidole vya mguu chini bila kuweka uzito. Baada ya hapo alileta mizani ya bafuni, ile ya kupimia kilo, akaniambia nikanyage hadi ifike kumi, nizoee hisia yake, ndiyo ruhusa yangu ya mwezi huo. Mwezi uliofuata ishirini. Mtu wa cherehani anaelewa kukanyaga kwa kipimo.

Supu ya makongoro nimekunywa hadi nikisikia harufu yake nageuza njia. Daktari hakuikataza, alisema tu isiwe ndiyo tiba. Alitaka mayai, dagaa, maharage, maziwa nikiyapata, na nikae juani asubuhi.

Eksirei ya wiki ya sita ilikuwa haina habari. Lile chicha limelala pale pengoni, vipande vilevile. Nililia kwenye benchi, mbele za watu. Ya mwezi wa tatu ilikuwa na wingu. Daktari aliliita hivyohivyo, wingu, akalizungushia kalamu. Ya mwezi wa sita, Septemba 2022, wingu limekaza. Alinionyesha kuta nne za mfupa, mbili kwenye picha ya mbele na mbili kwenye ya ubavu: tatu zilikuwa zimeshikana. "Tatu zinatosha kutembea," akasema. Nilitoka nimeyashika magongo yote mawili kwa mkono mmoja, kwa kiburi, nikajikwaa mlangoni. Sikuanguka.

Kuhusu pesa, niliandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Hospitali ya kwanza 740,000. Fundi wa mifupa nimekwisha kumtaja. Pakiti 360,000. Dar, kwa upasuaji wa mara zote mbili, dawa, vipimo na kulala, zilizidi kidogo milioni tatu na laki nne, na hapo ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imetupunguzia. Sikuwa na bima ya afya. Ustawi wa jamii nendeni mapema, na barua ya mtendaji wa mtaa mkononi. Sisi tulikwenda wiki ya mwisho, tukiwa tumeshauza ovaloki. Nauli na chakula cha wanaokuuguza sikuviandika mwanzoni, na ndivyo vilivyotumaliza polepole. Siku hizi kwenda kliniki napanda treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar na Morogoro mwaka 2024, na mguu naunyoosha. Wakati ule ilikuwa basi, kiti cha njiani, na kila anayepita anaugonga.

Mguu wangu wa kulia ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto. Fundi viatu ananiongezea soli. Baridi ikiingia unaniambia mapema kuliko redio.

Nilidhani habari za nyonga nimezimaliza, hadi mwaka jana alipohamia mtaa wetu mama mmoja mwenye watoto wawili. Mdogo, mvulana, alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Walikuwa wametoka Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako kupandikiza uloto kwa watoto wa selimundu kulianza mwaka 2023. Tukawa tunakaa barazani kwangu tunalinganisha. Mimi mambo yangu ni ya mfupa kwa mfupa. Ya kwao ni damu. Uloto ni ule ute ulio ndani ya mifupa, ndiko zinakotengenezwa chembe za damu, na seli shina za humo ndizo wanazozitaka. Mimi nilijipa mwenyewe. Yeye ilibidi apatikane ndugu anayelingana, na kwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja kila mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kabisa. Walimpima dada yake. Akalingana.

Mama yule aliniambia kilichomchanganya ni siku yenyewe. Alitegemea chumba cha upasuaji, nguo za kijani, visu. Kumbe ugumu ulikuwa umetangulia, siku za dawa kali za kuufuta uloto wa zamani, mtoto ananyonyoka nywele, mdomo una vidonda, hamezi hata mate. Siku ya kupandikiza ilikuwa ni mfuko mwekundu umening'inizwa kama wa kuongezewa damu. "Nikamuuliza sista, ndiyo hiyo tu?" Halafu ikaja kungoja, wiki kadhaa ndani ya chumba ambacho huingii bila kuosha mikono na kuvaa barakoa, kila asubuhi wanasoma hesabu ya chembe nyeupe kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Na hata baada ya kutoka, dawa za kuzuia seli za dada zisianze kumshambulia kaka, vyakula vya kukataa, mikusanyiko ya kukwepa, chanjo za utotoni kurudiwa. Nilimsikiliza nikaona wiki zangu sita za Tandika zilikuwa picnic ya shule.

Yeye naye aliwahi kuletewa zile pakiti. Hakununua. Tulipolinganisha jina la boksi, lilikuwa lilelile.

Yule dada mtu ana miaka kumi na moja. Siku moja alikuja na kitambaa cha gauni, mama yake kamtuma. Wakati nampima kiuno alikataa nisimguse upande wa nyuma, kisha akabadili mawazo, akapandisha blauzi kidogo kunionyesha alama mbili ndogo, karibu hazionekani, pale sindano ilipoingia.

"Na wewe walikutoa hapohapo?"

Nikamwonyesha kovu langu, mbele kidogo, refu kama kidole. Alilitazama kwa heshima.

"Mimi nilikuwa nimelala," akasema. "Wewe je?"

"Mimi nilikuwa macho. Niliwasikia."

Akafikiri. Akaniuliza ilisikikaje. Nilichukua mkasi wangu mkubwa wa chuma, nikagonga nao mguu wa cherehani mara tatu, ko, ko, ko. Akashika nyonga yake kwa mikono yote miwili, akacheka hadi futi ya kitambaa ikaanguka, halafu akasema gauni lake analitaka na mifuko.